Fundi wa Kuchonga na Umri wa Mti: Hotuba kwa Wahitimu wa Ufundi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, viongozi wa dini, wazazi na walezi, nanyi vijana mnaohitimu leo fani za useremala na uchongaji: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu. Nawashukuru waandaaji kwa kumkumbuka mchonga vinyago katika shughuli ya namna hii, ambayo kwa kawaida huitwa mhandisi au mfanyabiashara aje kutoa neno.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya fundi aliyeishi kwa kuchonga. Mengi katika maisha hayo mtayajua wenyewe mkishaanza kazi, na mengine walimu wenu wameshawafundisha vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Nitajibana kwenye jambo moja tu, nalo ni hesabu ya muda. Fundi wa kuchonga hufanya kazi katikati ya mwendo wa aina mbili usiolingana: mti una mwendo wake na soko lina mwendo wake. Katika miaka yote niliyoshika tezo kati ya Moshi na Arusha nimewaona mafundi wenye mikono mizuri kunishinda wakikwama, na wengi wao walikwama kwa sababu walikubali soko liwapangie kila kitu, hata yale ambayo mti peke yake ndio wenye haki ya kuyapanga.

Mpingo, ambao ndio mti wa taifa letu, hukua polepole mno. Shina lake huhitaji miaka 70, na mara nyingi hadi 100, ndipo lifikie unene wa kuvunwa, kwa hiyo kigogo ambacho kijana atakinunua wiki ijayo yawezekana kilichipua kabla babu yake hajazaliwa. Na hata baada ya subira hiyo yote, kinachotufaa ni kiini peke yake, kile cheusi kinachoelekea zambarau, ambacho kimezungukwa na mti mweupe mwembamba upande wa nje. Kiini hicho ni kizito kiasi kwamba ukikitupa majini kinazama. Mashina mengi yana uwazi katikati, au yamepindapinda, au yana nyufa ambazo huwezi kuziona kwa nje. Naomba radhi kwa maseremala walioko hapa: ninyi mnanunua mbao kwa futi na mnajua mnachokipata, lakini anayenunua mpingo kwa kupima urefu na unene tu hujikuta amelipia hewa.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa Mmakonde, ambaye wazazi wake walitoka kusini kuja kukata mkonge, naye akabaki huku kaskazini. Hakuniruhusu nishike tezo mpaka nijue kukagua kichwa cha gogo. Alikuwa akimwagia maji kidogo sehemu iliyokatwa kwa msumeno, anasubiri upepo uikaushe, kisha ananiuliza ninaona nini. Mwanzoni sikuona kitu. Baadaye nikajua kwamba uso wote ukishakauka, ufa hubaki na unyevu, nao hujichora kama uzi mweusi hata pale ambapo jicho halikuwa limeuona. Akishauona ufa, hakulitupa gogo. Aliligeuza huku na huku, pengine asubuhi nzima, akitafuta namna ya kuufanya ufa ule uangukie mahali ambapo kwa vyovyote vile patatobolewa: kati ya mkono na kiuno, au katikati ya watu wawili waliobebana. Watu hutazama kinyago cha namna hiyo, wakaona matundu yanayopitisha mwanga kati ya miili, wakasifu ubunifu wa fundi. Ubunifu upo, sikatai, lakini sehemu ya ubunifu huo ilianza na ufa uliomlazimisha fundi afikiri.

Baada ya hapo huja kukausha, na hapa ndipo soko hugombana na mti waziwazi. Mpingo haupendi kuharakishwa. Vichwa vya gogo hupakwa nta au rangi ili maji yasitoke kwa kasi upande mmoja, gogo huwekwa kivulini, juu ya vipande vya mbao ili lisiguse ardhi, na linasahauliwa kwa muda mrefu. Fundi mwenye oda mkononi na kodi ya nyumba mlangoni hana muda huo. Huchonga mti ungali mbichi, maana mbichi pia ni laini zaidi kwa patasi, huupiga msasa, huung'arisha, na siku ya kukabidhi kazi inapendeza kuliko zote. Mgeni huisafirisha mpaka kwao, anaiweka sebuleni katika nyumba inayopashwa moto miezi yote ya baridi, ambamo hewa ni kavu sana, na kabla ya mwaka kwisha uso wa kinyago umepasuka kuanzia paji hadi kidevu. Mgeni yule harudi kulalamika, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa fundi huendelea kuamini kwamba kazi yake ni nzima. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mimi vyangu vinanitisha, hasa vile vilivyokwenda mbali ambako siwezi kuviona.

Naomba niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba vinyago wanavyoviona madukani Arusha ni vya kale na havijabadilika tangu enzi za mababu. Sivyo. Wamakonde wa pande zote mbili za mto Ruvuma wamechonga tangu zamani, lakini kazi za zamani zilikuwa hasa barakoa za ngoma ya mapiko, ambazo huchongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kucheza nazo, pamoja na vifaa vya nyumbani na fimbo. Vinyago vya mpingo tunavyovijua leo vilishika kasi miaka ya 1950, wachongaji kutoka kusini walipofika Dar es Salaam na kupata wanunuzi waliolipa. Mfanyabiashara Mohamed Peera alikuwa mmoja wa wanunuzi hao wa mwanzo. Mtindo wa shetani, wenye viumbe vya jicho moja na viungo vilivyonyooshwa visivyo vya binadamu, unahusishwa na Samaki Likankoa. Ule mwingine wa watu waliopandiana mabegani, tabaka juu ya tabaka, unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, na asili yake ilikuwa mshindi wa mieleka anayebebwa na wenzake. Lilipotangazwa Azimio la Arusha mwaka 1967, hapo mjini jirani, mtindo huo ukaanza kuitwa ujamaa, na jina likaushika kabisa.

Ninaeleza haya kwa sababu moja. Wachongaji wale walichonga kwa ajili ya kuuza, tena kwa wageni, na hakuna aibu ndani yake, maana asiyeuza hapati chakula. Walichokifanya ni kulitumia soko kupata nafasi ya kuchonga vitu ambavyo hakuna mnunuzi aliyejua kwamba anavitaka mpaka alipoviona. Hakuna mtalii aliyewahi kuja na picha ya shetani wa Samaki akasema nichongee kama huyu. Leo tumefika mahali ambapo mwenye duka anampa fundi sampuli ya twiga, fundi anachonga twiga mia wanaofanana, na fundi wa pili anachonga wale wale kwa bei ya chini zaidi. Tofauti ikiwa ni bei tu, anayeumia siku zote ni aliyechonga.

Hesabu ya soko la Arusha mnaifahamu, au mtaifahamu hivi karibuni. Gari la watalii likielekea Tarangire, Manyara au Ngorongoro husimama dukani kwa muda mfupi, wageni wananyoosha miguu, wanakwenda msalani, wananunua kitu. Katika bei anayolipa mgeni mna faida ya mwenye duka, mna kamisheni ya aliyemleta, na mwisho kabisa mna malipo ya fundi, ambaye mara nyingi alishauza kazi ile miezi mingi nyuma kwa bei ya shida. Sina ugomvi na madereva wala waongoza watalii, maana nao wana watoto wa kusomesha. Ila nimewahi kukaa nyuma ya duka moja, sitalitaja, nikasikia kinyago changu kikielezwa kwa mgeni kwamba ni cha miaka mia moja na kimetoka kwa chifu. Nyuma ya pale pale vijana walikuwa wakipaka kiwi nyeusi ya viatu kwenye mti mweupe ili uuzwe kwa jina la mpingo. Mti wa miaka 70 unapokaa rafu moja na mti uliopakwa kiwi, kwa bei inayokaribiana, mtoto wa fundi hataona sababu ya kujifunza tofauti yake.

Mwaka 2020 tulipata somo ambalo hatukuliomba. Ugonjwa wa korona ulipofunga safari duniani, ndege za watalii zilikoma kutua uwanja wetu wa KIA, na maduka yakabaki na vinyago hadi dari. Mafundi ninaowafahamu waliuza patasi zao. Waliobaki na kazi, kidogo lakini kazi, walikuwa wale wenye wateja wa hapa hapa: aliyekuwa akichonga milango, aliyekuwa akitengeneza viti na mimbari vya makanisa, aliyekuwa akinakshi fremu za madirisha na milango ya misikiti, aliyekuwa akichonga vigoda na mizinga ya nyuki. Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia vijana wa karakana yangu kwamba mtalii ni mvua nzuri, lakini anayelima kwa mvua tu ajue jinsi ya kuchimba mfereji. Wachagga mliokaa hapa, mliorithi mifereji ya mababu, mtanielewa bila maelezo.

Na hapa Kilimanjaro mti wa kazi hiyo tunao vihambani, yaani katika mashamba yetu ya nyumbani. Mringaringa, ambao mama zetu wanaujua kwa kivuli chake juu ya kahawa na migomba, una kiini cha rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo, hukubali patasi bila ukaidi, na tangu zamani umetengenezewa mizinga, ngoma na vyombo vya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mgrivea uliletwa kutoka Australia kwa ajili ya kivuli cha mashamba ya kahawa, nao una ubao wenye madoa mazuri sana ukipasuliwa kwa upande unaostahili. Msaiprasi upo katika mashamba ya miti ya serikali, West Kilimanjaro na Rongai, na kule Arusha katika shamba la Meru. Ile miti ya asili ya mlimani tuliyoiona tukiwa wadogo, kama mkulo, mwacheni mlima nayo. Msitu ule uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na maji mnayokunywa asubuhi yanatoka huko. Fundi anayeletewa ubao wa mkulo usiku na mtu asiyeonyesha hati ajue kwamba ananunua kesi.

Kwa habari ya hati, nitapita haraka, lakini msilipuuze. Zao lolote la msitu linaposafirishwa linahitaji kibali, na Wakala wa Huduma za Misitu wana haki ya kukusimamisha njiani na kukikagua. Kwa mpingo kuna zaidi. Tangu tarehe 2 Januari 2017 karibu miti yote ya jamii ya Dalbergia, na mpingo ukiwemo, imo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ujulikanao kwa jina la CITES. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa kwa ala za muziki zilizokamilika, na pia kwa bidhaa zilizokamilika ambazo mti wa aina hiyo uliomo katika mzigo mmoja hauzidi kilo 10. Mgeni anayebeba kinyago kidogo kwenye begi lake mkataba huo haumsumbui. Lakini ukipata mteja wa kontena, tafuta ushauri kabla ya kupokea malipo ya awali.

Kuhusu bei nitasema kama baba. Andika daftari. Andika siku uliyonunua gogo, gharama ya kulileta, siku ulizochonga, siku ulizopiga tupa na msasa, na siku ulizokaa ukinoa vyuma, kwa maana mpingo hula makali na kunoa ni sehemu ya kazi. Fundi wengi hutaja bei kwa kumtazama mteja usoni, au kwa kutazama mfuko wao wenyewe siku hiyo. Mwenye daftari hutaja bei ambayo anaweza kuieleza, na mteja muungwana akielezwa huelewa. Pia andika jina lako chini ya kazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mchongaji sawa na ya mwanamuziki, lakini utajiteteaje kwa kazi isiyo na jina? Katika majumba ya makumbusho ya nje zimo kazi nyingi nzuri za Tanzania ambazo kibao chake kinasema tu "Makonde", kana kwamba kabila zima lilikaa chini likachonga kinyago kimoja. Patasi ndogo na dakika chache zingetosha kumaliza jambo hilo.

Afya nayo isisubiri uzee. Vumbi la mpingo huwasha ngozi, macho na kifua, na wapo ambao mwili huukataa kabisa wakapata vipele kila wanapougusa. Fungeni pua na mdomo mnapopiga msasa, chongeni mahali penye upepo, na msilale karakanani. Bima ya afya kwa mtu anayetumia tezo karibu na mguu wake kila siku siiiti anasa.

Sasa nirudi kwenye mti, maana muda niliopewa unakwisha. Mkoa huu umewahi kuwa na mtu aliyelielewa jambo ninalolisema kuliko sisi wachongaji wenyewe, naye hakuwa mchongaji. Ni marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi miaka mingi Ngorongoro. Huko Marekani, jimboni Texas, fundi wa kukereza mti aitwaye James Harris aliona filamu kuhusu mpingo kwenye televisheni, akagundua kwamba mti aliokuwa akiutumia karakanani kwake ulikuwa ukipungua porini kwetu, akamtafuta Chuwa. Mwaka 1996 wawili hao wakaanzisha mradi wa kuhifadhi na kupanda mpingo. Chuwa aliotesha miche na kuigawa kwa shule, kwa vikundi vya kina mama na kwa wakulima, na aliwafundisha watoto kupanda miti pamoja na majina yake, mpaka alipofariki mwaka 2014. Alijua kwamba hatauona mpingo wake hata mmoja ukivunwa. Harris naye alijua. Fundi wa Texas alihangaika kwa ajili ya gogo la mwaka 2080 ambalo atalichonga mtu mwingine, ilhali wengi wetu tulio jirani na mti wenyewe hatujawahi kushika mche.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mkuu wa Chuo, ni dogo. Chuo kina eneo upande wa bonde ambalo sasa linaota magugu. Litengwe liwe shamba la miti ya ufundi. Mringaringa na mgrivea vitakomaa mapema, na wanafunzi watakaokuja baada ya hawa wataweza kujifunzia mti wa nyumbani badala ya kununua mabanzi. Mpingo upandwe vilevile, ingawa hapa juu kuna ubaridi na utakwenda polepole zaidi kuliko tambarare za chini, na kila mhitimu apewe mmoja wa kuumwagilia hadi ushike. Ulindwe dhidi ya mbuzi na moto miaka ya mwanzo. Baada ya hapo hauna madai mengi, maana ni jamii ya mikunde na hujitengenezea mbolea yake mizizini. Kwa wazee wa makanisa na misikiti walioko hapa ombi langu ni jingine: mnapojenga, kabla ya kuagiza mlango wa chuma au kiti cha kiwandani kutoka nje, waiteni vijana hawa wawaonyeshe michoro. Mkiona bei ni kubwa, waulizeni daftari.

Nimemaliza. Baada ya vyeti kutakuwa na maonyesho ya kazi za wahitimu pale chini ya mahema, na nimepita huko asubuhi kabla ninyi hamjafika. Kuna kigoda cha miguu mitatu kilichochongwa katika gogo moja la mringaringa bila kiungo wala msumari, ambacho binti aliyekichonga ameandika kwa penseli, chini ya kikalio, jina lake, tarehe aliyolipata gogo, siku alizofanya kazi na bei aliyoifikia. Nimeipitia hesabu yake na haina kosa. Atakayekitaka namwomba asiombe kupunguziwa. Asanteni sana.